Muhuri wa Dirisha Namba Tatu

Mume wangu aliogopa ngazi. Balbu ikiungua nyumbani kwetu, aliyepanda kwenye kiti ni mimi. Yeye alishika miguu ya kiti kwa mikono miwili na kufumba macho. Hakuwahi kupanda ndege. Lakini mtu huyo huyo alikusanya kwa miaka thelathini na minne bahasha za stempu za anga za juu: roketi, setilaiti, mwezi mzima na mwezi nusu, wanaanga wakielea na kamba zao kama ndama waliofungwa. Ndugu zake walimtania kwamba katika ukoo mzima ndiye aliyefika mbali kuliko wote, na bado hajainuka kwenye kiti.

Alikuwa karani wa posta, dirisha namba tatu. Kwa asiyejua, mambo yenyewe huwa hivi. Siku stempu mpya inapoanza kuuzwa, mkusanyaji huchukua bahasha maalumu, huibandika stempu hiyo, na kuipigisha muhuri wenye tarehe ya siku hiyo hiyo. Thamani yote iko kwenye tarehe. Ukiipiga kesho yake, una bahasha tu yenye stempu, kama ya mtu yeyote. Mume wangu alijiandikia anwani yake kwa kalamu ya wino, akajipigia muhuri, akajitumia, na siku mbili baadaye akajipokelea kwenye sanduku letu la barua na kurudi nyumbani na furaha ya mtu aliyekumbukwa. Hakufungua albamu kabla ya kunawa kwa sabuni. Mgeni aliyetaka kutazama alionyesha viganja kwanza. Baba yangu mzazi alionyesha.

Watu walimwita Bwana Tarehe, na jina hilo alilipatia dirishani. Kila karani alikuwa na muhuri wake, wenye namba ya dirisha lake na vigurudumu vidogo vya siku, mwezi na mwaka, ambavyo vilizungushwa kila asubuhi. Jioni muhuri ulifungiwa kwenye droo, na ufunguo, ambao ulikuwa mmoja tu, ulikwenda nyumbani na karani. Watu walimjia wakimbembeleza airudishe tarehe siku moja tu, barua ionekane imewahi. Alikataa wote. Alimkataa hata meneja wake. Na alimkataa mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kiume, tuliyezaliwa tumbo moja, alitaka kusomea ufundi wa ndege. Maombi yalitakiwa yawe na muhuri wa posta usiozidi tarehe kumi na tano. Alikuwa akisubiri nakala ya cheti chake, akaipata jioni ya siku hiyo, posta imeshafungwa. Asubuhi ya tarehe kumi na sita alikuwa mtu wa kwanza mbele ya dirisha namba tatu. Mume wangu aliipiga bahasha muhuri wa tarehe kumi na sita na kumtakia heri. Chuo kiliirudisha bila kuifungua. Leo mdogo wangu ana karakana ya kuchomelea mageti na nondo za madirisha, na watu wote humwita Fundi.

Nilijivunia jambo lile. Nilimwambia mdogo wangu kwamba aliyelala asililaumu jua. Niliwasimulia walimu wenzangu, niliwasimulia wanafunzi kwenye mkutano wa asubuhi, na mwaka juzi nililisimulia kwenye mazishi ya mume wangu, mdogo wangu akiwa hatua tatu kutoka niliposimama, ameshika koleo. Hata siku moja sikumsikia akimsema vibaya shemeji yake. Nilidhani ni malezi yetu.

Basi mwaka huu mkuu wa posta alikuja kunitembelea. Alipoanza kazi alikuwa kijana wa dirisha namba nne, na mume wangu ndiye aliyemfundisha kufunga vifurushi. Alisema Posta inataka kufanya maonyesho ya bahasha zile kwenye ukumbi wa jengo kuu, wiki mbili, jina la marehemu mlangoni. Alizitazama zote mia moja na kumi na tatu. Mwishoni alitulia kwenye moja yenye stempu nne za safari ya mwezini. Alisema hiyo ndiyo adimu kuliko zote, kwa kuwa siku ile stempu zilifika posta chache tu. Ilipigwa picha. Kadi za mwaliko zikachapishwa, picha hiyo juu, jina letu chini. Nililia kidogo baada ya yeye kuondoka, kwa furaha, sioni haya kusema.

Kilichobaki ni orodha ya tarehe. Nilikaa mezani asubuhi moja na daftari na miwani, nikiandika bahasha baada ya bahasha, mpaka nikafikia ile ya kwenye kadi. Niliisoma tarehe yake, nikaifuta miwani, nikaisoma tena.

Siku hiyo naijua. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa alfajiri ya siku hiyo na kufariki kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa natetemeka kitandani hospitalini, na mume wangu akanivulia koti lake la kazi akanifunika. Alikwenda kumzika mwanawe akiwa na shati tu. Ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa koti lile. Ulinichoma ubavuni kutwa nzima, nami sikuwa na nguvu ya kuusogeza. Alirudi na udongo kwenye viatu, akakaa kando ya kitanda changu mpaka wauguzi walipowatoa wageni saa kumi na mbili. Posta hakwenda.

Na muhuri ulikuwa wa dirisha namba tatu, umepigwa kwa mkono wake, umeigusa kila stempu pembeni tu bila kuiziba sura, ufundi aliokuwa akijisifia. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na mmoja. Hesabu hii haina jibu la pili. Aliporudi kazini alikuta siku imempita, akakirudisha kigurudumu nyuma. Hayo yalitokea miaka mitatu kabla mdogo wangu hajasimama dirishani kwake na bahasha ya chuo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba alipowaonyesha watu albamu, sehemu ile alifunua kurasa mbili kwa pamoja. Nilidhani vidole vyake ni vizito.

Binti yangu alikuja Jumamosi. Ni wakili, na nilipomweleza, kama mawakili wote aliniuliza kwanza nani mwingine anajua. Kisha akanitafutia njia. Alisema huenda baba yake hakuifanya kwa ajili ya mkusanyo. Huenda alitaka siku ile ya mtoto ibaki na alama mahali fulani duniani. Maneno mazuri, nami niliyatamani. Lakini niligeuza bahasha nikamwonyesha. Anwani ni ya baba yake mwenyewe, kama mia na kumi na mbili nyingine. Hakuna jina la mtoto, hakuna herufi ya ziada. Sikusoma shule miaka yote ile nije nijisomee yasiyoandikwa.

“Mama,” akasema, “unataka kumwaga mtama penye kuku wengi. Baba hana tena wa kumtetea ila wewe.”

Nilimwambia yuko mtu mmoja atakayeiona tarehe ile na kujua, bila mimi kufungua kinywa. Aliyechimba kaburi la mtoto pamoja na mume wangu alikuwa mdogo wangu, mjomba wake.

Nami niseme lililo kweli. Fikra yangu ya kwanza haikuwa kukiri. Ilikuwa ni kutompelekea mdogo wangu kadi. Kadi yake ilikaa kwenye mkoba wangu siku tano. Nilikuwa nimeshajitungia na sababu: karakana ina kazi nyingi, hapendi mikusanyiko, viatu vyake vina matundu ya cheche. Siku ya sita, nilipokuwa natafuta chenji sokoni, kadi ilitoka pamoja na pochi ikaanguka, picha juu. Muuza nyanya aliiokota, akaisifu na kuniuliza kama ni harusi. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja nyumbani kuchukua bahasha, kisha karakanani.

Fundi alikuwa amepiga magoti, anasugua geti kwa tupa. Alinikaribisha kwenye kiti pekee, akakifuta kwa shati lake, akanitania kwamba dada zake wakija karakanani bila kuagiza geti basi wanakuja kukagua usafi. Sikucheka. Nilipoitoa bahasha kwenye karatasi yake laini, alinyanyuka bila kuambiwa, akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwiko, akaikausha, akaishika bahasha kwa kingo. Aliyemfundisha hivyo ni shemeji yake.

Aliisoma tarehe. Nje mtu aliuliza bei ya kuchomelea toroli, na hakumjibu.

“Siku hii mimi na yeye tulikuwa tunachimba,” akasema.

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo kigurudumu kinarudi.”

“Kinarudi.”

“Aliniambia hakirudi.” Aliiweka bahasha juu ya karatasi yake, taratibu. “Aliniambia, shemeji, chuma hiki kina jino, kinakwenda mbele tu, ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Dada, nimemtetea kwa maneno hayo miaka yote. Mtu akisema shemeji yako alikunyima chuo, namwambia wewe hujui vyuma. Mimi! Fundi!”

Kumbe hayakuwa malezi. Mdogo wangu hakuwa amemsamehe mtu. Hakuona la kusamehe. Nilikuja na ukweli wangu nikidhani namletea haki yake, na kitu pekee alichokuwa nacho kutokana na jambo lile, amani yake, nikakichukua mkononi mwake pale pale. Nilimwomba anisamehe kwa niaba ya mume wangu. Alisema msamaha hauna mjumbe. Nikamwambia basi aamue yeye: bahasha iwekwe, iondolewe, ichanwe.

“Usinipe mimi kazi ya kumhukumu,” akasema. “Wewe ndiye mkewe. Na wewe ndiye uliyesema aliyelala asilaumu jua.”

Akachukua tupa yake. Niliiacha kadi kwenye kiti nikaondoka.

Nyumbani niliweka karatasi kwenye taipureta ya marehemu, ile aliyoandikia maelezo ya kila bahasha, nikaandika mistari miwili: kwamba muhuri huu haukupigwa siku inayoonekana, na kwamba aliyeupiga ni mwenye mkusanyo mwenyewe. Nikatia sahihi yangu. Mkuu wa posta aliposoma alifunga mlango wa ofisi. Alisema kwa upole kwamba mtu atakayekuja kutazama roketi hahitaji habari hiyo. Kwamba muhuri ule ni wa Posta, si wa mume wangu tu. Kwamba ningeweza kuiondoa bahasha kimya kimya akatafuta nyingine. Aliniita mwalimu mara nne kwa pumzi moja. Nikamwambia kwamba kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa mji huu kumheshimu Bwana Tarehe kwa sababu hakukirudisha kigurudumu, na siwezi kuitumia posta yake kuendelea kuwafundisha hivyo. Ama bahasha na karatasi yake, ama nibebe albamu yote. Kadi mia tatu zilikuwa zimeshagawiwa. Alikubali, lakini aliihamisha kutoka katikati ya ukumbi akaiweka pembeni, karibu na mlango wa stoo, chini kiasi kwamba mtu mzima huinama.

Binti yangu hakuja siku ya ufunguzi. Alinitumia ujumbe kwamba ana kesi. Ilikuwa Jumapili.

Watu walikuja wengi. Walistaajabia rangi, walisoma majina ya roketi kwa sauti, walinipa mkono na kuniambia nilikuwa na mume wa kipekee. Walioinama pale pembeni nadhani hawakufika kumi. Mmoja, mstaafu wa dirisha namba moja, alisoma, akanyanyuka akishika kiuno, akanipita bila kunisalimia. Nilibaki nimesimama pale pale. Jina jema hung'ara gizani, walisema wazee. Hawakusema kinachotokea taa ikiwashwa.

Mdogo wangu alikuja siku ya mwisho, dakika chache kabla ya kufunga. Alivaa shati lililopigwa pasi na viatu vyake vya matundu. Hakuanza na pembeni. Alizunguka ukumbi mzima, bahasha moja moja, mikono nyuma. Alipofika karibu na mlango wa stoo alipiga magoti kama anavyopigia geti, akasoma mistari yangu miwili, akaisoma na sahihi. Alikaa hivyo mpaka nikadhani goti limemkatalia. Kisha alisimama, akageuka akazitazama kuta, zile mia moja na kumi na mbili zilizobaki, roketi zote na miezi yote.

“Na hizi nyingine, dada?”

Mlinzi alikuwa ameanza kuzima taa za upande wa pili. Nilizitazama nami. Nyingi zilipigwa muhuri nikiwa darasani, naandika hesabu ubaoni. Siku zile sikuwa na koti lake, wala ufunguo.

“Sijui,” nikasema.

Alinishika mkono tukatoka.