Chipu za Mashine ya Baba

Baba alikuwa fundi wa kompyuta ya kiwanda cha pamba, mashine kubwa kama kabati. Kiwanda kilipofungwa, akaileta nyumbani Nyegezi. Alipolazwa hospitali, shemeji yangu, mume wa dada, aling'oa chipu zote za mashine hiyo akaziyeyusha kutafuta dhahabu kidogo iliyomo ndani yake. Baba alirudi, akafungua mashine, akakuta ndani kutupu. Akaifunga tena. Alifariki masika yalipoanza.

Nikaapa kwamba mashine itawaka, na shemeji ataiona ikiwaka. Nilitafuta chipu za namba zilezile kwa kila fundi wa redio mjini, nikaja kuzipata Magu kwa muuza skrepa, kwenye bodi za mtambo wa simu wa zamani. Nilizibandua moja moja, nikazipachika kwenye mashine ya baba.

Siku ya ibada ya kumkumbuka baba, ndugu wakiwa wamejaa sebuleni, nikaiwasha. Taa zake nyekundu zikaanza kukimbizana.

"Kumbe ilikuwa inatengenezeka," shemeji akasema.

"Ndiyo hii uliyoiua baba akiwa kitandani. Waambie ndugu, shemeji."

Aliweka sahani yake ya chakula chini, akatoka. Dada hajanisemesha tangu siku hiyo. Sijutii.