Rangi za Mama Bango Husomwa kwa Vidole

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mama Bango amepiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa mtaa, mkono umezama ndani ya ndoo ya rangi nyekundu. Anakoroga mchanga.

Mchanga huo ameutia mwenyewe. Rangi ya njano ameitia unga wa mbao, ya kijani maganda ya mayai yaliyotwangwa. Bluu haina kitu. Inateleza kama sabuni. Mtoto asiyeona huchagua rangi kwa kidole, anayeona huchagua kwa jicho, na wote huizunguka karatasi moja kubwa pamoja na wazazi wao.

Kazi yake ya kila siku ni kuandika mabango. Vinyozi, maduka ya dawa, gereji, wote wamepita mkononi mwake. Warsha hii ya familia aliianzisha baada ya mwanawe wa kwanza, asiyetembea, kufukuzwa kwenye darasa la kuchora.

"Waliniambia atachafua wenzake," anasema. "Nikawauliza, sasa rangi kazi yake nini?"

Hadi leo hajajibiwa, na aliyemfukuza mtoto amepandishwa cheo mara mbili.

Ukumbi wenyewe una ngazi sita na hauna njia ya viti vya magurudumu. Lakini njia hiyo ilizinduliwa. Utepe ulikatwa, keki ikaliwa, hotuba zikatolewa jua likiwaka. Kilichosahaulika ni kuijenga. Ndiyo maana kila Jumamosi Mama Bango huacha ndoo zake na kutoka nje na wazazi kubeba watoto, viti na vyote.

Leo, wao wakiwa nje, amebaki ndani mwanamume mmoja: baba wa msichana wa miaka tisa ambaye wote humwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake hauna likizo. Chiriku haoni tangu azaliwe. Baba ni fundi wa kupaka nyumba rangi, na amekuja shingo upande. Mkewe amemwomba aje mara moja tu kabla hajamtoa mtoto kwenye warsha. Alichouliza nyumbani, mke anasimulia, ni kwamba asiyeona anachora nini, na kwa nini watu wanamdanganya binti yake.

Fundi hapendi kukaa mikono mitupu. Akachungulia ndoo, akaona uchafu, akawahurumia watoto. Akatoa wavu kwenye mfuko wake wa kazi, akafanya anachofanya fundi rangi yeyote mwenye heshima zake: akazichuja zote.

Familia zikaingia, zikakaa. Chiriku akachovya kidole kwenye ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanyamaza. Wanaomfahamu wanasema ukimya huo hawakuwahi kuusikia.

"Mama Bango," akasema mwishowe, "nani amezinyoa rangi?"

"Ni mimi, mwanangu," baba akajibu. "Zilikuwa na uchafu."

"Haukuwa uchafu, baba. Ule ndio wekundu."

Mama Bango hakufoka. Alimsogezea kopo la mchanga tu. Fundi akakoroga, binti akapima kwa kidole, akakataa: mchanga haujatosha. Akaongeza. Binti akamwambia hiyo sasa ni zege. Ukumbi ukacheka, naye fundi, ambaye wenye nyumba humwogopa, akaanza upya kimyakimya.

Kisha Chiriku akachora, kiganja kizima, akipiga soga na kila aliye karibu. Alipomaliza, ikafuata sheria ya Mama Bango: hakuna kusifu picha kabla hujaishika, macho yamefungwa. Hata baba. Hasa baba.

Akafumba macho. Mkono ukapita kwenye bluu laini, pana.

"Huku juu panateleza. Ni nini?"

"Kipara," akasema Chiriku.

Watu walijizuia, wakashindwa. Lakini mkono wa fundi ulikuwa umeshashuka, ukafika kwenye mchanga, ukasimama. Taratibu akauinua mkono wa pili, akajishika kidevu chenye ndevu za siku mbili. Kicheko kikakatika chenyewe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alibaki hivyo, mkono mmoja kwenye karatasi, mwingine usoni, na wazazi wazima waliokuwa wameona mengi hapo ukumbini walitazama bila kupepesa.

Ndoto ya Mama Bango, anayomwambia kila mzazi, ni ukuta wa nje: kuupaka wote hivyo, usawa wa mkono wa mtoto, ili anayekuja ajue amefika bila kuuliza. Ruhusa hataomba. Akiomba, anasema, wakubwa watautia kwenye ratiba ya hotuba.

Wakati wa kuondoka mke alimuuliza mumewe ameamuaje. Fundi akaenda nje, akaukwaruza ukuta kwa kucha.

"Una unyevu huu," akamwambia Mama Bango. "Mkipaka hivi hivi rangi itabanduka. Jumamosi nakuja mapema niusugue."

Kisha akachuchumaa mbele ya binti yake, akamuuliza anataka mchanga wa namna gani.