Msiniulize PDF: nimempata Mwalimu wa ule mchezo mliosema nimeuota

Wakuu, vuteni viti. Leo sikuja kubembeleza mtu, na ninayowaambia nimeyaona kwa macho yangu haya mawili.

Wale mliopita kwenye uzi wangu wa kwanza mnakumbuka. Niliuliza kwa heshima kama kuna mtu ana nakala ya Ngwatio, roleplaying game tuliyocheza shule ya msingi hapa Nyeri.

Mkanicheka. Mmoja akasema nimeota. Mwingine akaandika ati hayo ni mambo ya wazungu, Mkikuyu hawezi kukaa mezani kucheza kitu kisicho na faida. Wewe bwana usiende mbali, nitakurudia.

Kwa wageni: ni mchezo wa kuigiza mkiwa mmekaa mezani. Mmoja anasimulia, kila mtu ana mhusika wake, na bahati inaamua kama jambo limewezekana. Mingi ya aina hii imefungwa kwenye stori ya aina moja. Huu alioutunga mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Kariuki, ulikuwa generic system, sheria zilezile kwa stori yoyote. Leo mnafuata ng'ombe walioibwa, kesho mko mwezini na hewa inaisha.

Haukuwahi kuchapishwa. Sisi darasa lake ndio tulioujaribu.

Hatukuwa na dice. Tulitumia punje za kahawa zilizokauka, kwa sababu zina upande bapa na upande wa mviringo. Unatupa tano, unahesabu zilizoonyesha bapa.

Halafu kulikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine kokote: hujitupii. Ukitaka kuvuka mto, jirani yako mezani ndiye anayekutupia, na mhusika wake lazima aingie mtoni na wewe. Punje zikikataa, mnasombwa wote wawili. Ndiyo maana uliitwa Ngwatio, kama ile kazi ya kusaidiana mashambani: leo tunalima kwangu, kesho kwako.

Sasa mtu aniambie hiyo niliota vipi.

Nikaanza kutafuta. Kuna member humu alinituma Endarasha, akaapa kuna mzee anao. Mzee alikuwa nao kweli. Ilikuwa ludo, imepakwa rangi mpya. Ndugu, asante kwa vumbi la huko Kieni, nalikung'uta kwenye viatu mpaka leo.

Nikakumbuka Wambui, tuliyekaa naye dawati moja. Siku hizi ana agrovet, duka la dawa za mimea, huko Kutus. Nilimkuta akimpimia mteja dawa ya nyanya, nikamuuliza tu, "Unakumbuka Ngwatio?"

Akaacha mteja hapo kwa kaunta.

"Ati nakumbuka? Wewe ndio ulifanya nikufe kwa ile mto!"

Wakuu, nilisikia raha mpaka nikataka kumkumbatia. Basi tulikuwa wawili, na wawili hawawezi kuota ndoto moja. Wambui ndiye aliyeniambia kwamba Mwalimu alistaafu akarudi kwao Mukurweini.

Nilimkuta shambani na mkewe wakichuna kahawa, wazee wawili peke yao, na matawi yameinama kwa wekundu. Watoto wao wote wako mijini. Mwalimu amekonda, lakini ile sauti ya kunyamazisha darasa bado anayo. Nikamwambia nimekuja kutafuta kitabu cha Ngwatio.

"Kitabu gani? Kitabu ilienda Nairobi na haikurudi."

Akanieleza akiendelea kuchuna. Aliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Wakaupenda, ila wakamtaka aondoe ile sheria. Kila mtu ajitupie mwenyewe, na mwishoni awepo mshindi.

"Wakasema mchezo haina mshindi haiwezi nunuliwa. Nikawaambia hapana, hiyo nikitoa sasa nimebaki na nini? Halafu wakasema ati hata nilicopy kwa wazungu." Akaangusha konzi ya kahawa kwenye kikapu. "Hiyo ndio iliniuma."

Niliona aibu kwa niaba yenu. Maneno yale yale mliyoniandikia humu!

Tulipoingia kunywa chai, mkewe alinivuta kando jikoni. "Siku hizi anasahau majina ya wajukuu," akaniambia. "Hiyo game bado hajasahau. Lakini sijui itakaa mpaka lini."

Nikarudi sebuleni mbio, nikatoa simu. "Mwalimu, wewe sema tu sheria zote, mimi nirekodi."

Akaniangalia vile alivyoniangalia nikikosea hesabu.

"Peke yako? Na nani anakutupia?"

Nikajaribu kumbembeleza. Akakataa katakata. Ati Ngwatio haisomwi kama hotuba. Sheria zinamjia mkononi watu wakicheza, na meza ya mtu mmoja si meza. "Kahawa imeiva na sina watu. Lete watu. Asubuhi tunachuna, mchana tunacheza, na mwenye mkono mzuri anaandika. Hiyo ndio ngwatio. Ama ulifikiri ilikuwa jina tu?"

Nikarudisha simu mfukoni. Mimi kumbe miaka yote nilikuwa natafuta kitabu, na mchezo wenyewe ulishanikataza kuja peke yangu.

Funzo nililopata: kitu kutochapishwa si ushahidi kwamba hakikuwepo. Na kama kuna mtu alikataa kuharibu kazi yake ili iuzwe, msimwite mwizi, mwendeeni angali anakumbuka.

Kwa hivyo msinijazie inbox. PDF hakuna. Itakuwepo tukiiandika, ikiwa na jina la Mwalimu Kariuki mbele na ile sheria ndani bila kuguswa, na asiyeitaka hivyo atafute ludo Endarasha.

Jumamosi tunaanza. Wambui anafunga agrovet. Mkewe Mwalimu amesema nduma ya kuchemsha itakuwepo. Anayekuja aandike hapa chini, na abebe kikapu cha kuchunia.

Na wewe uliyesema Mkikuyu hawezi kukaa mezani kucheza kitu kisicho na faida: nimekuwekea kiti kando yangu. Wewe ndiye utakayenitupia.