Jiko la Kina Brasolin

Nives Brasolin hakuolewa, na watu wa Costalarga wana maelezo mengi juu ya jambo hilo, karibu yote ya uongo. Wengine husema alikuwa mkali. Mkali alikuwa, sikatai. Aliwahi kumfukuza padri jikoni kwake kwa mwiko kwa sababu aliingia na theluji viatuni. Wengine husema alikuwa akimngoja mtu aliyekwenda Ujerumani. Upuuzi mtupu. Mtu aliyemposa alikuwa hapa hapa, nyumba ya nne kutoka kwake, na mtu huyo ni mimi.

Naitwa Ottorino, na kwa miaka mingi sasa ndimi marigo wa kijiji hiki, yaani mkuu wa Baraza la Msitu, kazi niliyopewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Msitu wetu si wa serikali wala wa mtu mmoja. Ni wa majiko. Kila ukoo wa zamani wenye jiko linalowaka kijijini majira ya baridi una kura moja na mgao wake wa kuni. Ukihama, jiko lako limezimika na haki yako imekwenda na moshi. Asiyekuwapo na lake halipo. Binti asiye na kaka hulishika jiko la baba yake mpaka siku ya kuolewa. Siku hiyo anahesabiwa kwa mumewe, na kama hakuna mwingine wa jina lake aliyebaki, marigo huenda na ndoo ya maji akalizima jiko mbele ya watu, kisha jina hufutwa kitabuni.

Nives alikuwa na kaka mmoja, Tiziano. Alikwenda kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji, na mwaka 1957 akarudishwa ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Baba yao hakumaliza miaka mitatu baada ya hapo. Mimi nilimposa Nives mwaka 1962, mwezi wa Mei, huko malisho ya juu, tukiwa tumekalia magogo. Nilikuwa na maneno niliyoyakariri wiki nzima. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho.

"Nikija kwako, jiko letu litazimwa," akasema.

"Litazimwa, ndiyo."

"Na ndoo ataibeba baba yako, maana ndiye marigo."

"Si baba aliyeitunga sheria, Nives."

"Najua. Lakini kina Brasolin wako hapa tangu enzi za kuchoma makaa, na mimi ndiye wa mwisho. Siwezi, Rino. Na usiniulize tena. Ukiniuliza tena nitakubali, halafu sitajisamehe."

Nami, mpumbavu, nikatii. Sikumuuliza tena. Nilimwoa Dolores wa bonde la pili, mwanamke mwema kuliko nilivyostahili, tukazaa watoto wawili, na sasa ni miaka kumi na mitano tangu nimzike.

Nives alibaki na jiko lake. Alifagia kanisa, akashika ufunguo wa kabati la vitabu vya parokia, na akaanza kazi ambayo kijiji kizima kiliicheka. Alitaka kujua kina Brasolin wote waliohama walifika wapi. Aliwaomba watu waliokuwa ng'ambo wamletee vitabu vya simu vya huko, akawa anamwandikia kila mwenye jina lake. Kwenye ukuta wa jikoni alibandika ramani ya dunia, na kwa kila barua iliyojibiwa alichomeka pini ya kushonea. Kusini mwa Brazili pini zilisongamana hata nchi yenyewe haikuonekana. Ajentina zilikuwa ishirini na kitu. Ubelgiji tatu. Australia moja, ya bwana mmoja aliyejibu kwa kutuma picha ya ng'ombe wake bila neno hata moja. Hapa kwetu palikuwa na pini moja tu, nyekundu.

"Unahesabu kuku waliokwisha kuliwa," nilikuwa nikimtania.

"Akitokea mmoja tu akaja kuishi hapa," alikuwa akinijibu, "nitalala usingizi."

Lakini walioandika hawakutaka kuja kuishi hapa. Walitaka vyeti vya ubatizo vya mababu zao, wapate pasipoti zetu, waende wakafanye kazi London. Nives aliwanakilia vyeti vyote kwa mwandiko wake mzuri, na kila bahasha alitia ua kavu la mlimani. Sijui walikuwa wakiyafanyia nini maua hayo.

Halafu, mwishoni mwa Oktoba mwaka 2019, akaja Ademir. Huyu alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, ana duka la kuziba matairi huko Brazili, na alipofungua mdomo nilimwomba arudie. Alikuwa akisema lugha yetu ya zamani ileile ya babu yangu, maneno ambayo wajukuu zetu wanadhani ni ya kubuni. Hata matusi yake yalikuwa ya marehemu. Alimwita Nives shangazi tangu siku ya kwanza, akakwea darini kumrekebishia bomba la moshi, akala polenta, ugali wetu wa mahindi, sahani tatu. Nives alikuwa akitembea kijijini kidevu juu. Sote tulijua anachokitumaini, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Ademir alihitaji cheti cha Antonio, baba wa babu yake, aliyeondoka hapa mwaka 1891 akimwachia mdogo wake Giacomo jiko. Giacomo huyo ndiye babu yake Nives. Cheti kilipatikana kwa nusu saa. Ila Nives, kwa bidii yake isiyokwisha, alitaka kumpa mgeni historia yote ya nyumba, basi akafungua na kitabu ambacho miaka yote hakuna aliyekuwa akikiomba, kitabu cha maziko.

Alinijia asubuhi, siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, ambayo ndiyo siku Baraza hukutana. Nilikuwa napasua kuni. Kwapani alikuwa na kitabu kikubwa kilichofungwa kwa taulo la jikoni.

"Weka shoka chini kwanza," akasema. "Usije ukajikata mguu."

Alikifungua juu ya gogo. Nikasoma: Machi 1872, amezikwa Giacomo, mwana wa Valentino Brasolin, umri miezi minane.

"Babu yako?" nikamwuliza. "Babu yako alikufa na miaka themanini. Nilikuwepo mazikoni."

"Soma na hii." Akanionyesha karatasi aliyokuwa ameinakili kutoka kitabu kingine. Aprili mwaka uleule, nyumba ya Valentino Brasolin ilipokea mtoto mchanga wa kiume kutoka kituo cha watoto wa kuokotwa cha Venisi, shingoni amefungwa nusu ya sarafu, alama ya kumtambua. "Baada ya hapo mtoto wa kuokotwa hatajwi tena popote, na Giacomo anatajwa kila mwaka. Maziwa ya mama yalikuwepo, Rino, mtoto hayupo. Wakamtwaa huyu wakampa jina la yule."

Sikushangaa sana. Kwetu jina la mtoto aliyekufa hupewa anayemfuata. Mimi mwenyewe ni Ottorino wa pili. Majirani wote wa wakati ule lazima walijua wakanyamaza. Kilichonitisha ni sheria, na Nives alikuwa akiijua kwa moyo kama mimi: mtoto wa kuokotwa apewe mkate, asipewe kura.

"Nani kakuuliza?" nikafoka. "Funga hicho kitabu ukirudishe kabatini. Choma hiyo karatasi."

"Nimekalia jiko la watu miaka yangu yote."

"Umelikalia vizuri!"

"Kesho nitasimama niseme, wapige kura."

"Watalifuta jina, Nives. Jina ulilolifia!"

"Ademir anasema mjini kwao kuna bucha ya Brasolin, kuna shule, kuna timu ya mpira ambayo kipa na refa wote ni Brasolin, na bado inafungwa. Jina halifi, Rino. Nilikuwa nadhani nimelishika mimi peke yangu mkononi, kumbe limejaa dunia." Akaanza kukifunga kitabu na taulo lake, polepole. "Na wewe je? Utatia haragwe gani kurani?"

"Jeupe, liendelee kuwaka! Hilo nalo la kuuliza?"

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nilidhani ananishukuru. Kisha akasema, "Haya," akaondoka na kitabu chake.

Siku ya Mtakatifu Martino walikuja wenye majiko wote thelathini na mmoja. Nives alisimama, akasoma kitabu, akasoma karatasi, akasoma na sheria yenyewe asije mtu akajifanya haijui. Hakulia. Alisema, "Mimi si damu ya kina Brasolin. Damu yao ni huyu hapa," akamwonyesha Ademir.

Nikamwuliza Ademir kama atabaki awashe moto. Nilimwuliza kwa sababu kazi yangu ilinitaka nimwulize.

"Nina mke, watoto watatu, na matairi," akasema, na uso ukamwiva. "Jumatatu narudi. Lakini huyo Antonio wangu alikuwa na miaka saba walipomzika mdogo wake. Alijua. Na alipoondoka, jiko alimwachia nani? Alimwachia huyo wa kuokotwa. Ikiwa yeye aliyejua alimpa, mimi wa matairi ninyang'anye?"

Gildo mtengeneza jibini, ambaye katika maisha yake hajawahi kukubaliana na mtu, alisimama akapiga meza. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea! Msitu huu umelindwa na huyu mwanamke wakati damu safi inacheza mpira ng'ambo. Kura, marigo, tukanywe!"

Kwetu kura ni maharagwe. Jeupe, jiko liendelee, jeusi, lizimwe. Kila mwenye jiko hupewa yote mawili, anatumbukiza moja sandukuni na jingine anaondoka nalo mfukoni. Nives naye alipewa yake, maana mpaka kura ihesabiwe jiko lilikuwa bado ni lake. Nilimwaga sanduku mezani nikahesabu kwa sauti. Meupe thelathini. Jeusi moja.

Watu walimshangilia kwa kupiga miguu, wakitingisha sakafu nzima. Wengine walilia waziwazi. Wakaanza kutazamana kumtafuta huyo mwenye haragwe jeusi, na Gildo akatukanwa bure. Nives alimshukuru kila mmoja kwa mkono, kama mtu aliyezawadiwa koti lisilomtosha. Mimi nilijaa fahari. Niliona kwamba tumemtendea haki kuliko sheria yenyewe.

Nilimkuta nje, kwenye chemchemi, anafunga kitambaa chake kichwani. Alikuwa ameshika haragwe lililobaki. Lilikuwa jeupe.

"Lile jeusi ni lako," nikasema.

"Ni langu."

"Kwa nini, mwanamke wewe? Kwa uaminifu tu? Kwa kiburi?"

"Ningekuwa sina jiko," akasema. "Mwanamke asiye na jiko huenda kwa mwenye jiko. Nilihesabu nyumba, nikaona ya nne si mbali."

Nilishika ukingo wa chemchemi. Nilikuwa na miaka themanini na mmoja.

"Jana ningekuambia," akaendelea, "lakini nilitaka uniulize wewe. Nilisimama pale kwenye kuni zako nikingoja. Ukaniambia jeupe."

"Nakuuliza sasa," nikasema. "Tufunge ndoa Jumamosi. Padri yupo, mimi nipo."

Aliniwekea kiganja shavuni. Hakuwahi kunigusa namna hiyo, hata mwaka ule wa malisho.

"Watu thelathini wameniwashia moto leo, Rino, wakijua mimi ni nani. Niende nikauzime Jumamosi? Ningeweza kuwaacha wale walionihesabu Brasolin bila kujua. Hawa siwezi. Nenda nyumbani, utashikwa na baridi."

Akapanda njia ya kwake, na baada ya kitambo moshi ukatoka kwenye bomba alilotengeneza Ademir.

Aliishi miaka miwili na miezi mitatu zaidi. Nilikuwa nakwenda kwake kila siku baada ya chakula cha mchana, tukicheza karata, na hatukulizungumza tena. Alifariki Februari, na kwa kuwa hakuna Brasolin mwingine kijijini, ndoo niliibeba mimi. Nililizima jiko lake mbele ya watu kama desturi inavyotaka, kisha nikafungua kitabu nikalifuta jina kwa mkono wangu.

Watu bado wananipongeza kwa kura ile. Gildo huisimulia kwa wageni, na kila mara hupandisha sauti anapofika kwenye hesabu. Mimi huinamisha macho. Meupe yalikuwa thelathini, na moja lilikuwa langu.