Moto wa Mama Zawadi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, miaka michache baada ya uhuru, nilipoingia jikoni kwa Mama Zawadi huko kijijini kwetu Carama, kigae mkononi, kumwomba kaa la moto. Ndivyo tulivyoishi. Moto tuliuchukua kwa jirani, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Hata leo nikipita mahali lilipokuwa jiko lile, naangalia chini.

Mama Zawadi alikuwa mjane aliyevuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, wakati wa vita vya huko. Kifua chake kilikuwa kibovu. Kiangazi kikikaza, vumbi na moshi wa mashamba vikalala juu ya bonde hata milima ya Kongo isionekane ng'ambo ya ziwa, alipumua kwa mluzi kama birika. Na bado kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Hatukuwa na kinanda. Tulimsubiri avute pumzi, atoe sauti ya kwanza, ndipo sote tumfuate.

Mimi nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, nafundisha darasa la ubatizo na kuongoza sala ya alfajiri. Pamba ilikuwa imevunwa, na monita wa kilimo, bwana shamba wetu, ametuamuru tung'oe mashina tuyachome, wadudu wasibaki. Shamba langu lilikuwa upande wa ziwa, na nyumba zetu nyuma yake, upande wa milima ya kwetu. Kila mtu wa pale alijua kwamba asubuhi upepo hushuka kwenda ziwani, na mchana hugeuka, ukaja milangoni kwetu.

Mama Zawadi aliweka kaa kwenye kigae changu, akalifunika kwa majivu, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Uvira:

"Unaenda kuchoma sasa hivi? Jua imeshapanda. Ngoja kesho asubuhi."

"Asubuhi nina sala, Mama."

"Sala gani haiishaka?" Akacheka. "We unaomba sana, mutoto wangu, mupaka Mungu anachoka masikio." Kisha akaacha kucheka. "Kifua yangu unaijua."

Nikamjibu, na Mungu anisamehe kwa kulitaja jina lake pale: "Upepo ni wa Mungu, Mama. Yeye atauelekeza."

Akaniangalia. "Upepo ni ya Mungu, ndiyo. Lakini moto ni yangu. Ni mi nimekupa."

Nilidhani ananitania, nikaenda. Na kusema kweli, sala haikuwa sababu. Sala iliisha mapema. Nilichopenda ni kubaki pale nje baada ya sala, nimeshika Biblia, watu wakinisalimu, "Mwalimu, Mwalimu," hadi jua linapanda.

Nikawasha. Upepo ukageuka kama ulivyogeuka kila mchana tangu nizaliwe. Moshi wa mashina ya pamba ni mzito, unakwaruza koo. Niliuona ukielekea kwenye nyumba, nikaanza kupiga moto kwa matawi, nikazidisha moshi. Nilipofika kwa Mama Zawadi, binti yake Zawadi alikuwa amemketisha sakafuni na kitambaa kibichi usoni. Midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Tukambeba kwenye machela hadi zahanati, mimi mbele, wanaume wengine nyuma. Zawadi alitembea ubavuni mwangu. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Shika muzuri."

Mama Zawadi alipona, kwa rehema za Mungu. Lakini Jumapili aliporudi kanisani, alisimama, akavuta pumzi, na sauti haikuja. Kanisa zima likasubiri. Akajaribu tena, akakohoa, akakaa. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hilo lilikuwa zito kuliko kutazamwa. Mwishowe mtu mwingine alianzisha, juu mno, tukamfuata vibaya. Mama Zawadi aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini wimbo hakuanzisha tena.

Kiangazi kilichofuata nilinunua kiberiti. Niliona haya kuingia jikoni kwake. Asubuhi moja natoka kwenye sala, nikamkuta amesimama mlangoni kwangu, kigae mkononi, uzi mwembamba wa moshi ukielekea ziwani.

"Mbona hauji tena kuomba moto?" Alipumzika kati ya maneno. "Upepo unashuka. Kamata. Enda uchome."

Nikapokea kwa mikono miwili. Usoni sikuweza kumwangalia.

Basi, mwanangu, usimtwike Mungu kazi ambayo wewe umeshindwa kuifanya mapema. Kabla hujawasha kitu, kiwe shambani au kinywani mwako, tazama kwanza moshi wake utaingia mlango wa nani. Ikibidi, fupisha sala yako ili jirani apumue. Mungu atakusubiri, kifua cha mgonjwa hakiwezi. Na ukimkosea mtu, usikimbilie kiberiti kama mimi. Rudi jikoni kwake ukiwa na haya yako, usingoje yeye akufuate kwa miguu yake.

Mungu akupe pumzi ndefu. Akupe jirani wa kukuambia ukweli huku anakupa moto, na akufungue masikio umsikie kabla upepo haujageuka. Amina.