Mizinga ya Manowari ya Mzee

Niliosha manowari kwa maji moto na sabuni ya vyombo. Nina cheti cha kidato cha nne, na fizikia nilipita vizuri, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua gundi ni nini.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza mtaa wa Suwaidi, Riyadh, enzi zile maajenti wakitusafirisha kutoka Nairobi kwa mafungu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nilivuka bahari ili nikakae nyumbani kwa watu, mfanyakazi wa ndani. Humo alikuwamo baba yake bosi, mzee aliyekuwa karani wa bandari ujanani. Macho yake yalikuwa yanakwisha, na kabla hayajakwisha alikuwa akiunda kwa plastiki mfano mdogo wa manowari ya Kijapani ya wakati wa vita, aina ile nyembamba yenye mbio. Miaka miwili alikuwa nayo, kipande kwa kipande.

Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, herufi kama chawa, nami ndiye niliyekuwa macho. Kila baada ya alasiri: "Yalla, soma." Nilimsomea ilivyosindikiza meli za askari, ilivyopeleka mchele visiwani, ilivyookota mabaharia wa meli nyingine waliokuwa wakielea kwenye mafuta. Ukurasa wa mwisho alinikataza.

"Baba, leo tuizamishe tu tumalize," nilimtania.

"Mafi kuzama, hakuna! Nenda kaunguze wali wako, niachie meli yangu."

Kisha akapelekwa Jeddah kwa binti yake, apasuliwe macho. Alisema akirudi, kitu cha kwanza kutazama ni manowari. Nami kwa kiherehere nikataka aikute inang'aa. Mizinga yote mitatu ikabanduka, ikaingia kwenye tundu la sinki. Nikagundisha mlingoti, nao ulikuwa umebanduka, nikairudisha kwenye rafu.

Upasuaji haukufaulu. Mzee alirudi haoni kabisa, akaomba apewe manowari aipapase. Vidole vikatembea kutoka omo hadi tezi, vikarudi, vikasimama pale mzinga wa mbele ulipokuwa.

"Sikuweka mizinga?" akaniuliza.

Nilifikiria maktab, ile ofisi ya ajenti wanakorudishwa wasichana walioharibu vitu.

"Nimesahau," akajijibu. "Halas, basi. Macho yamekwenda, sasa na akili."

Akamwambia mwanawe hivyo hivyo. Madam, mke wa bosi, naye akakumbuka kiatu alichopoteza mzee, na siku aliporudia swala. Wiki hiyo ikaamuliwa ahamie Jeddah kwa binti, aangaliwe, asije akawasha gesi akasahau. Hakutaka. Chumba chake alikijua kwa kupapasa. Kule angeanza upya.

Asubuhi ya kuondoka aliniambia nisome ukurasa wa mwisho. Nikausoma: topido la nyambizi, meli ikakatika vipande viwili, wachache wakatoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru.

Gari lilipoondoka nilipanda juu kuanika nguo. Kwenye paa la nyumba ya pili alikuwapo jirani yangu, mama wa Unguja aliyefanya kazi nyumba ile. Nilimweleza yote kwa kwikwi, tangu sinki hadi ukurasa. Hakuacha kubana nguo zake kambani.

"Mzee yule ana akili timamu kukushinda wewe," alisema. "Bosi wako yuko hapo chini, kamwambie yeye, usinililie mimi."