Jenereta Kwenye Kaseti ya Babu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ambayo ningetoa chochote niisahau. Nimeiona orodha yako ya vifaa vya studio unavyotaka kuweka chumba cha nyuma, nikaona heri nikusimulie kabla hujaenda dukani. Kaa. Usiniangalie hivyo, duka halihami.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilikuwa binti mwenye kazi, karani wa ofisi moja hapa mjini, nimepanga Miyuji. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa ghafla vitu vya Dubai, macho yakatutoka. Nilikuwa na redio kaseti ndogo ya betri na maikrofoni moja nzuri ya waya. Kwa hivyo viwili nilirekodi kwaya za mtaani. Nilitundika mablanketi ukutani kuua mwangwi, nikamsogeza mwimbaji karibu, basi. Kaseti zilitoka safi. Lakini moyo wa binadamu haushibi. Dukani nikaona miksa, lile sanduku la kuchanganyia sauti, lina vifundo vya kuzungusha chungu nzima na vitaa vinavyopanda na kushuka. Nikasema bila hii mimi si fundi! Nikauza redio na maikrofoni yangu, nikanunua miksa na deki ya kurekodia, vyote vya umeme. Maikrofoni nikachukua ya ovyo ovyo, maana fedha iliishia kwenye vitaa. Spika za masikioni, za kusikia kinachonaswa, sikununua kabisa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo niliijua tangu darasa la nne, na haikunisaidia kitu.

Sasa babu yangu mzaa baba aliishi Mkonze. Alikuwa na wimbo mmoja aliouimba kwa zeze mara moja tu kwa mwaka, siku ya kumaliza kupura uwele. Ulikuwa wimbo wa majina, ndugu zetu waliokufa kwa njaa ya zamani, yeye akiwa mtoto, wakazikwa njiani bila alama. Kila mmoja alitajwa jina lake na mahali alipoangukia. Wengine walioujua walishatangulia, akabaki yeye peke yake. Shangazi Nyemo, binti yake mkubwa, mwaka ule alitaka kujifunza majina yote kwa kichwa, babu amtajie polepole bila wimbo. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, "Shangazi, usijichoshe bure. Kaseti itayashika yote." Akaniamini, kwa kuwa nilikuwa nimesoma.

Siku ilipofika nilipeleka vifaa kwa pikapu ya kukodi. Mkonze ya wakati huo haikuwa na umeme, kwa hiyo nilichukua na jenereta. Babu akalizunguka lile sanduku, akalitazama.

"Mke wangu," akasema, ndivyo alivyonitania siku zote, "ile redio yako ndogo iko wapi?"

"Nimeuza, babu. Hii ni kubwa zaidi."

"Mh! Ile ilikuwa inanisikia."

Nikacheka. Ndugu walikuwa wametoka mpaka Bahi, wamejaa uani, wote macho kwangu, nami kichwa kimevimba. Jenereta nikaliweka nyuma ya nyumba, likaanza kunguruma. Kupima sauti hata dakika moja sikupima, niliona aibu watu wasije wakadhani nababaisha. Babu akaimba mwanzo hadi mwisho, wanawake wanafuta machozi. Mimi sikusikia hata jina moja, nilikuwa nakodolea vitaa. Vilicheza vizuri ajabu, nikajua sauti imeingia.

Watu walipotawanyika nikaazima redio ya jirani, nikaitia kaseti. Ilikuwa jenereta, mwanangu. Jenereta mwanzo, jenereta mwisho. Chini kabisa, kwa mbali, mtu anaimba, huwezi kuokota jina hata moja. Kumbe vitaa vilikuwa vinachezea ngurumo. Nikamwendea babu nimepiga magoti, nikamwomba arudie.

"Waliokufa hawaitwi mara mbili kwa mavuno yale yale," akanijibu. "Subiri mwakani."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Na shangazi sikumwambia ukweli. Aliponiuliza nilisema kaseti ipo, imetunzwa. Niliona haya, nikajipa moyo kwamba mwakani nitairekebisha. Lakini kabla uwele haujapandwa tena babu akapigwa na kiharusi, ulimi ukafungika, na miezi haikuwa mingi akafa.

Siku ya tatu ya msiba shangazi aliniita mbele ya ndugu wote. "Leta ile kaseti, mwanangu. Tumsikie baba, na mimi nianze kujifunza." Nikaenda kuileta, na redio ya kuazima. Nikaiweka. Watu wakaanza kutazamana, mmoja mmoja wakanyanyuka. Shangazi hakunyanyuka. Aliinamisha sikio kwenye redio mpaka upande mzima ukaisha, nadhani alikuwa anangoja majina yaje. Kisha akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Sasa hao watu wataitwa na nani?"

Shangazi naye sasa ni marehemu, na hao watu hawajaitwa tena.

Basi nisikilize. Fedha yako ndogo ianzie kwenye maikrofoni nzuri na spika za masikioni, hayo masanduku ya vifundo yatafuata kama yatafuata. Blanketi linatosha ukutani. Usibebe chombo kisichoendana na mahali unapokwenda, na kinachokusikiliza vizuri usikiuze kwa sababu ni kidogo. Pima kwanza, hata wakikucheka. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Mimi uongo wangu ndio uliomnyima shangazi zile siku babu alipokuwa bado anaongea. Wala usimkataze mtu kujifunza kwa kichwa chake eti una mashine. Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa vifaa, na kila atakayekuimbia akukute unamsikiliza.